Watoto Tisa wa Mkondo B

Jumatatu, 11 Julai 1994
Mwalimu Mkuu anahamia Manyoni. Mratibu wa elimu kata ametamka mbele ya walimu wote: kiti chake atakipata yule ambaye darasa lake la saba litaongoza mtihani wa majaribio. Yaani mimi, Gaspari, mkondo A, au Redempta, mkondo B. Redempta akatabasamu. Nani hutabasamu saa mbili asubuhi bila sababu? Ana jambo.

Jumanne, 12 Julai
Nimejifungia na madaftari ya mahudhurio. Nimegundua siri! Redempta ana watoto tisa wa wenye maduka ya barabarani. Viatu, kandili, tuisheni. Mimi nina tisa wa wafugaji. Februari walikuja siku mbili kwa wiki. Kumbe najua kufundisha, ila takwimu zimenionea! Redempta anasema mikondo iligawanywa kwa herufi za majina. Herufi!

Jumatano, 13 Julai
Nimemwandikia Mwalimu Mkuu kuhusu uwiano wa wanafunzi kwa kazi ya mzazi. Maneno mazito, mengine hata mimi yamenishinda. Maana yake: tubadilishane, tisa kwa tisa. Alikuwa anafunga kabati lake kwa kamba, akasaini bila kusoma. Redempta naye akakubali palepale. Sina raha. Lazima nimchunguze.

Ijumaa, 15 Julai
Nimempeleleza Redempta akiongea na mzee Manase, mfugaji. Nilijibanza nyuma ya tangi la maji. Eti malisho yamekauka, ng'ombe wamepelekwa mbugani na vijana wakubwa. Ng'ombe! Lazima ni fumbo. Nikapiga chafya. Mzee Manase akasimama kusubiri shikamoo yake. Nikaitoa nikiwa nimechuchumaa.

Alhamisi, 21 Julai
Mtihani. Viti vyangu tisa vitupu! Leo mnada. Tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, wenye maduka hupeleka mitumba huko, na watoto hulinda marobota. Nikakimbia hadi mnadani. Nimemkuta Dorkas, tegemeo langu la hesabu, anakunja suruali. Nikamsihi mama yake amwachie.

"Mwalimu," akasema, "huo mtihani ni wa majaribio. Mnada ni wa kweli."

Nimerudi bila Dorkas, na shati la mtumba. Wafugaji tisa wamefika wote kwa Redempta, penseli zimechongwa. Hawana cha kuchunga.

Jumatatu, 1 Agosti
Matokeo. Mkondo B wa kwanza. Asiyefika amepewa sifuri. Miaka kumi na moja nashika chaki, na leo nimeona aibu mbele ya watoto. Nimembembeleza Mratibu mpaka amekubali kusubiri mtihani wa taifa, Septemba.

Jumanne, 2 Agosti
Nimelijua kosa langu. Wenye bidii ni wafugaji! Nimedai tisa wangu warudi. Redempta amekubali palepale. Safari hii sina shaka naye, ni uchovu tu wa kushindwa na akili zangu. Aliuliza kama nimesoma tangazo la bwana mifugo mlangoni: chanjo Septemba, ng'ombe wote warudishwe kijijini, kila boma litoe watu wa kuwashika. Tarehe niliiona, ni siku ya mtihani. Hayanihusu, sina hata mbuzi. Nimelibandua, na nyuma yake nimeandika orodha ya mkondo wangu mpya.