Majoho Arobaini ya Toleo la Tatu

"Wengine hujenga tovuti miezi sita. Mimi siku saba, na inakwenda hewani tangu siku ya kwanza!"

Hayo aliyaandika Injinia, mtoto wa baba mkubwa, kwenye kundi la ukoo, mbele ya ndugu mia moja na kumi na wawili, mashemeji wakiwemo. Tovuti yenyewe ilikuwa ya shangazi yetu, fundi cherehani.

Siri yake ilikuwa hatua ndogo ndogo. Unatoa kipande, watu wanakitumia, unasikiliza kilio chao, unarekebisha, unatoa tena. Kila kipande alikiita toleo. Mbinu haina ubaya. Mimi nimesoma nusu ya diploma ya kompyuta, na hiyo ilikuwa kwenye nusu niliyosoma.

Toleo la kwanza: jina la duka. Tukapiga makofi. Toleo la pili: picha ya shangazi amenuna. Makofi zaidi! Toleo la tatu: kitufe cha "Agiza".

Hapo fomu ikagoma kutuma oda isiyo na vipimo. Visanduku vya mteja kujaza vipimo vyake vilipangiwa toleo la nne. Basi Injinia akaijazia fomu vipimo vya mwili wake mwenyewe, kwa muda tu.

Injinia ni mrefu kama nguzo ya umeme, na akikugeuzia ubavu unadhani ameshaondoka.

Siku hiyohiyo wanakwaya arobaini wakabonyeza "Agiza", kila mmoja joho lake. Oda kubwa kuliko zote maishani mwa shangazi! Akachukua mtaji wote, akanunua kitambaa cha buluu.

Na toleo la nne? Ndugu walilalamikia rangi ya kichwa cha tovuti, na Injinia husikiliza watumiaji. Toleo la nne likawa kijani. La tano, kijani kidogo. La sita na la saba sitaki kuyazungumzia.

Shangazi alipopewa orodha ya vipimo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"We mtoto, mbona wote kiuno ishirini na sita?"

"Shangazi, hiyo ni data. Data haibishiwi."

"Hata mwalimu wao? Yule mama ninamfahamu."

"Kuimba kunakondesha."

Shangazi akashona. Siku kumi, cherehani ikilia.

Mwalimu wa kwaya akaja kujaribu joho lake. Ni mama aliyejaa, hakuja duniani kubana matumizi. Kichwa kikapita. Mikono ikapanda juu, ikabaki huko. Kisha sauti ikatoka ndani ya kitambaa, kwa adabu zote:

"Fundi, nimeingia. Natokea wapi?"

Shangazi alimtoa kwa mkasi. Mama yule akajiweka sawa, akasema kwaya itatafuta fundi mwenye macho, akaondoka.

Injinia akakohoa. "Hiyo dosari ndogo, shangazi. Tunairekebisha toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni wewe. Toka!"

Yakabaki majoho thelathini na tisa, marefu, membamba, yasiyomwenea binadamu yeyote isipokuwa mmoja, naye hajui kuimba. Shangazi akayatazama juma zima, kisha akaniita mimi niiguse ile tovuti. Hatua moja tu, ndogo.

Ukiifungua leo utakuta bidhaa moja: kava la meza ya kupigia pasi, la buluu, lenye mikono miwili. Elfu mbili.