Jezi Namba 44 ya Nungunungu wa Pickett Falls

Jumapili, 2 Juni

Siku njema hii! Baada ya ibada Bi Lindquist, mkutubi wetu, katangaza kwamba maktaba itaweka kabati la kioo la kumbukumbu za Nungunungu, timu yetu ya besiboli iliyokufa miaka ishirini na minane iliyopita. Jumamosi atachagua mkusanyo mmoja tu, na jina la mwenyewe litachongwa kwenye kibao cha shaba. Nimeshaliona: KABATI LA VERNON PRUITT. Limekaa vizuri mno.

Mpinzani ni mmoja, jirani yangu Delbert Krause. Ana midoli thelathini ya kutikisa kichwa, ile waliyokuwa wakigawa bure getini. Mtu mzima na midoli! Mimi ninayo jezi namba 44 ya Lyle Tucholski, aliyoivaa mechi ya mwisho kabisa. Niliipata walipopiga mnada vitu vya timu. Delbert hana jibu la hiyo.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeitoa jezi sandukuni. Loo, uchafu! Miaka yote hiyo haijaona maji. Nimeifua mara mbili kwa dawa ya madoa, nikaipiga pasi. Noreen, mke wangu, kasimama mlangoni kashika kiuno. Ndoa ya miaka thelathini na tano, hajawahi kuniona na pasi mkononi. Jezi inang'aa kama shuka la hoteli.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwonyesha Delbert juu ya uzio, roho imuume. Wapi! Kacheka mpaka kakaa kwenye nyasi. We Vern, kaniuliza, kichwani mzima kweli? Nani kakwambia jezi ya mechi inafuliwa? Uchafu ndio ushahidi wenyewe! Hiyo sasa ni fulana tu, vaa ukakatie majani.

Nimemjibu kwamba hayo nayajua, nina mpango. Sikuyajua. Mpango sina.

Jumatano, 5 Juni

Mpango ninao! Uchafu uliotoka unaweza kurudishwa. Udongo wa bustani ya Noreen ni mweusi, haufai. Wa uwanjani ulikuwa mwekundu. Uwanja siku hizi ni maegesho ya supamaketi, lami tupu, ila nyuma ya duka la matairi kimebaki kile kilima kidogo cha udongo alichokuwa akisimama juu yake mrushaji wa mpira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, na ndoo na kijiko cha supu.

Mwenye duka katokea, kauliza mzee wangu unatafuta nini hapo. Nikasema pete ya ndoa. Ana moyo mzuri kupita kiasi yule bwana! Kapiga magoti, kaita na mafundi wake wawili, tumechambua udongo saa nzima juani. Mwishowe ikabidi niivue pete yangu kidoleni kisirisiri, niidondoshe, niiokote. Wamenipigia makofi. Mmoja kanikumbatia.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeipaka jezi udongo kifuani na tumboni, kama wa mtu aliyejitupa kifudifudi. Kazi ya ustadi. Noreen kaitazama, kasema ikiwa huo ni ushahidi, basi ni wa mtu aliyezikwa akafukuliwa. Hana jicho la sanaa.

Jumamosi, 8 Juni

Maktaba imejaa. Midoli ya Delbert imepangwa mezani, inaitikia kwa vichwa kila mtu akipita. Mimi nikatundika jezi, nikasimulia jinsi Tucholski alivyojitupa mavumbini kuiokoa pointi ya mwisho. Nimesimulia vizuri kiasi kwamba mama mmoja kafuta machozi. Hata mimi nilianza kuamini.

Ndipo Bi Lindquist kasema ana mgeni. Mungu wangu! Kaingia mzee mrefu na mkongojo: Lyle Tucholski mwenyewe! Kumbe yu hai, tena anaishi mwendo wa nusu saa tu kutoka hapa. Kaisogelea jezi, kaigusa, kaniangalia kwa upole. Bwana mdogo, kasema, mechi ile mimi sikucheza. Nilikaa benchi mwanzo hadi mwisho. Nilichofanya ni kula soseji na kujimwagia haradali hapa kifuani. Haradali yangu iko wapi?

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Kabati kapewa Delbert, na midoli yote thelathini ikakubali.

Jumapili, 9 Juni

Ajabu! Noreen, bila kuniuliza, kamwalika Tucholski chakula cha mchana. Nilikuwa nataka kujificha gereji. Mzee kasema maishani mwake hajawahi kuona mtu akihangaika hivyo kwa ajili ya mkaa benchi. Kaomba jezi, nami usiku nilikuwa nimeifua tena kwa aibu. Kaivaa. Tumboni haikufunga. Kala soseji mbili barazani, na haradali ikadondoka palepale. Naapa sikumsukuma mkono.

Bi Lindquist kaambiwa kwa simu. Kasema haya, rafu ya chini kabisa ipo wazi, na kibao kidogo: IMETOLEWA NA V. PRUITT. Nimelia mbele ya mgeni. Sijali.

Jumatatu, 10 Juni

Jezi imeingia kabatini. Doa lenyewe dogo mno! Ukisimama mlangoni hulioni, macho yanakimbilia midoli. Haiwezekani. Nimemwomba Bi Lindquist ufunguo, ninyooshe kola kidogo tu. Kanipa dakika tano. Chupa ya haradali ilikuwa ndani ya koti la mvua.

Alhamisi, 13 Juni

Simu ya maktaba. Kabati limejaa sisimizi. Wamepanda mpaka rafu za juu, wanatembea juu ya nyuso za midoli ya Delbert. Bi Lindquist kaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini ya hatari, kama nina lolote la kumwambia.

Ninalo! Nimemwambia hao si sisimizi wa hivi hivi. Ni wa uwanjani, wajukuu wa wale wale waliokula makombo ya Nungunungu, wameinusa jezi wakaifuata. Kakata simu. Lakini hakukataa! Nimeosha chupa kumi na mbili zenye vifuniko. Kesho alfajiri niko mlangoni, kabla Delbert hajaanza kuwakusanya.