Piano ya Bi Magda na Vidole vya Yunis

Jumatatu, 2 Septemba 1968
Habari kubwa! Bi Magda, yule Mswisi mzee wa njia ya Irente, anarudi kwao. Piano yake haiuzi. Ataiacha katika nyumba yenye mtoto mdogo atakayeipenda. Wenye watoto tuwapeleke Jumamosi awaone. Nilipozisikia nikafunga faili la mbegu za viazi, nikatoka ofisini kabla ya saa.

Yunis wangu ana miaka mitatu na miezi miwili. Vidole virefu. Nimevipima kwa rula.

Hatari ni moja: Fanueli, mpiga kinanda wa kanisani, aliyenitoa kwenye sauti ya besi ya kwaya akidai nawapoteza wenzangu. Ana mwana, Danieli, miaka mitano. Na kinanda anacho. Mimi sina hata filimbi.

Jumanne, 3 Septemba
Nimepata! Mlango wa kabati la vyombo. Nimeupaka chokaa, nikachora vibonye vyeusi kwa masizi: viwili, kisha vitatu. Kwa nini viwili, kisha vitatu? Nimewaza mpaka chai ikapoa.

Somo la kwanza, hapa hapa mezani. Yunis juu ya debe. Nikabonyeza ubao, nikaimba “do”. Akainama kutazama chini ya ubao. Akauliza sauti inakaa wapi. Nikamwambia kwa sasa inakaa mdomoni mwa Tate, baba yake. Akaamuru nifungue mdomo. Akachungulia sana. Akasema sauti haioni, ila kuna jino bovu.

Rahabu, mke wangu, ameuliza mlango wa kabati uko wapi. Hana sikio la muziki.

Alhamisi, 5 Septemba
Maendeleo! Yunis anabonyeza na kuimba mwenyewe. Do, re, mi, halafu jina la mbuzi wetu. Lakini hatulii. Amegonga sufuria, ndoo, dirisha na mgongo wa mama yangu, kila mara akitega sikio. Nimemrudisha kwenye debe mara saba. Ya nane akalia. Rahabu akasema mtoto anajifunza akigonga sufuria, si akiketishwa. Nikamwambia mpango huu una mwenyewe. Akasema hilo halina ubishi.

Jioni nikapita kwa Fanueli, kwa bahati tu, katikati ya kabichi zake. Danieli anapiga wimbo mzima! Fanueli akanikuta nimechuchumaa chini ya dirisha. Nikasema ofisi ya kilimo imenituma kukagua viwavi. Akafurahi. Akanikagulisha kabichi zote, mstari kwa mstari.

Jumamosi, 7 Septemba
Siku yenyewe. Tumekwenda watatu. Mwajuma, jirani yetu, naye akaja. Watoto wa akina mama wanaolima shamba la ujamaa hushinda kwake, naye alitaka kuiona hiyo piano.

Danieli alianza. Viatu vinang'aa, wimbo hakuukosea, uso kama anachomwa sindano. Bi Magda akamuuliza angependa kupiga nini kingine. Akajibu, “Shikamoo, naomba kurudi nyumbani.” Moyo wangu ukacheza!

Zamu ya Yunis. Akabonyeza, akaimba “do” kama nilivyomfundisha. Piano nayo ikaitika! Akaruka. Akabonyeza tena. Akaingia chini ya piano, akauliza, “Nani yumo humu?”

Bi Magda akacheka mpaka akafuta macho. Akafungua kifuniko, akamnyanyua. Nyundo ndogo, nyingi, zimevaa sufu! Yunis anabonyeza, nyundo inaruka, waya unalia. Hata mimi nilisahau kufunga mdomo. Bi Magda akamuuliza kama atarudi kesho. Akatikisa kichwa kukubali.

Hapo ningenyamaza. Lakini Fanueli alikuwa anatabasamu. Nikasema huyu bado, hamjaona kitu. Nikamketisha, nikamwambia apige do mpaka do. Akakataa. Nikamshika vidole nikavibonyeza mimi.

Akaning'ata.

Bi Magda akafunga kifuniko taratibu. Akasema, “Baba Yunis, kwako haiji.” Yunis analia, si kwa ajili yangu, anaililia piano. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo Rahabu akasema, “Mama, watoto kumi na wawili hushinda kwa Mwajuma. Wanagonga kila kitu. Tunaomba iende kule.”

Mwajuma akasema chumba cha mbele kipo, hakivuji.

“Ichukueni,” akasema Bi Magda. Basi! Bila ubao, bila mpango. Ameomba tu!

Jumatano, 18 Septemba
Tuliibeba wanaume wanane, mimi na Fanueli upande mmoja, hatusemezani. Sasa iko kwa Mwajuma. Fanueli huenda kuwafundisha, lakini kwa sharti la Rahabu: watoto wagonge kwanza, yeye aongee baadaye. Yunis ndiye wa kwanza kufika kila asubuhi. Nimemsikia kupitia ukuta, noti moja, anaingoja mpaka iishe kabisa, ndipo anabonyeza nyingine. Nilisimama na mswaki mdomoni nikachelewa kazini.

Nimelitafakari kosa langu kwa siku kumi na moja. Leo nimeligundua. Nilichelewa! Miaka mitatu, mtoto ameshakuwa na maoni yake.

Na leo hii Rahabu kanieleza kwamba ni mjamzito. Mungu mwema! Nikapiga magoti papo hapo, nikasogeza mdomo tumboni, nikaanza: do, re, mi. Besi.

Rahabu amefunga kikapu. Anasema atakaa kwa mama yake, kijijini Gare, mpaka ajifungue.

Gare si mbali. Kwa miguu nitafika kila Jumamosi.