Barafu Mbele ya Nguzo za Kaskazini

Alhamisi, 2 Januari

Nimemwona kwenye runinga. Tavaris Oakley, mrushaji wa timu ya chuo, futiboli ya Kimarekani. Wanaume watatu wenye vifua kama makabati wanamjia mbio. Yeye anarudi nyuma taratibu, kama anampisha bibi mlangoni, kisha anaurusha mpira. Ukapaa. Ukakaa huko juu muda ambao mpira haukai. Ukashuka mikononi mwa mwenzake, mbali kabisa. Nilisahau kutafuna. Mke wangu Darlene aliuliza kama nimepaliwa.

Lazima aje kwetu Toledo. Njia ni moja tu. Timu ya mwisho kwenye ligi ndiyo inayotangulia kuchagua vijana wa vyuo mwezi wa Nne. Sisi Wahunzi tumeshinda mara moja msimu mzima. Omaha nao mara moja. Jumapili tunakutana nao hapa nyumbani, mechi ya mwisho. Atakayefungwa anamchukua Oakley. Ungedhani ni rahisi. Lakini naijua timu yangu: hata kushindwa inaweza kushindwa. Aliyetuloga keshakufa.

Baba alizikwa na jezi yake bila kuona kombe. Mimi nina miaka hamsini na tisa. Nataka kombe moja tu, sitaomba la pili.

Ijumaa, 3 Januari

Gus, kaka yake Darlene, alikuja kula soseji zangu. Nikamweleza kwamba Jumapili inafaa tuwaombee Omaha. Akaweka uma chini. Akasema, shemeji, wewe ni mshabiki au mchimba kaburi? Akasema mtu hatii sumu kwenye chungu cha nyumbani kwake eti kwa sababu kaahidiwa nyama mwakani. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Gus ana upara. Aliondoka na soseji zote zilizobaki.

Theluji imeanza. Gus atanitambua.

Jumamosi, 4 Januari

Theluji imefika kwenye kitasa cha mlango. Redio ikatangaza kama kila mwaka: klabu inaita watu uwanjani na sepetu zao, malipo kwa saa, supu bure. Mji mzima ulikuwepo. Madereva wa malori, masista wa parokia, mama mmoja na mtoto mgongoni. Wote wanaifukua timu mbovu kuliko zote nchini, na wanacheka. Nilisimama nikaduwaa. Watu hawa wana moyo wa namna gani?

Kisha nikakumbuka kilichonileta. Msimamizi alikuwa mwanamke mkali aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Nikaomba anipange upande wa kaskazini, nikasingizia mgongo. Akauliza ni mgongo gani huo unaochagua kaskazini. Lakini alinipanga. Alipogeuka nikamwaga maji mbele ya nguzo za goli, ndoo baada ya ndoo, pale pale mpiga teke anapokanyaga akitaka kupitisha mpira katikati yake. Juu nikafunika kwa theluji laini. Kwa baridi hii, kesho ni kioo kitupu. Wahunzi wakikaribia kupata pointi watateleza kama mbuzi kwenye sabuni. Sikumwambia mtu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Jumapili, 5 Januari

Robo ya kwanza, Wahunzi walishambulia kaskazini. Nikasugua mikono. Hawakufika. Hawakukaribia hata kidogo. Ubovu wao uliwakinga na hila yangu. Ikapigwa filimbi, timu zikabadilishana pande. Zikabadilishana pande! Tangu utotoni nautazama mchezo huu. Kila robo wanabadilishana. Jana, na ndoo mkononi, sikukumbuka.

Halafu kuna Merle Haskett. Warushaji wetu wawili wameumia, kwa hiyo wiki hii wamemwita Merle, mrushaji mstaafu, kutoka shule anakofundisha jiografia. Ana mvi. Goti limefungwa kama mzigo wa posta. Robo ya nne tulikuwa nyuma, sita kwa sifuri, tukielekea kusini. Omaha wakamwangusha. Akainuka. Wakamwangusha tena. Akainuka, akapangusa theluji usoni, akarusha mpira mbaya, unaoyumba kama bata mgonjwa. Ukamfika mwenzake nyuma ya mstari wa mwisho, pointi sita. Wetu wakaongeza na teke la pointi moja. Saba kwa sita.

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Machozi yaliganda mashavuni. Oakley anapendeza kumtazama, lakini yule mzee aliyekataa kulala chini nilimwogopa, kama ninavyoogopa kanisani.

Zikabaki sekunde chache. Omaha wakafika kaskazini, mbele kabisa ya nguzo. Teke la pointi tatu, la kuwapa ushindi, ambalo hata Darlene angepiga na viatu vya jikoni. Mpiga teke wao akaja, mguu ukateleza kwenye barafu yangu, mpira ukampata mwenzake makalioni. Kwisha. Tumeshinda. Nilimkumbatia Gus, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ndipo nikawaona mashabiki wa Omaha kule kona ya juu. Walikuwa wanarukaruka kuliko sisi. Nikakaa chini.

Gus akaniambia, unaona, shemeji, Mungu anavyowasaidia wanaojitahidi. Nikawaza: Mungu hakubeba ndoo hata moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Omaha wamemchukua Oakley. Alivaa kofia yao, akatabasamu. Hata tabasamu lake linafika mbali. Sisi tumechagua wa pili, mlinzi mnene kutoka Idaho. Gus anasema kijana ana miguu mizuri.

Nilimweleza Darlene habari ya maji. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema basi, Norbert, somo umelipata, waache watu wacheze. Nikakubali. Nilikubali kwa moyo wote.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo mteja mmoja pale dukani ninakouza matairi, aliyekuja kutafuta ya lori, kanionyesha video kwenye simu. Kuna mtoto Montana, Anders Tollefson, miaka kumi na mitatu. Anasimama nyuma ya ghala la nafaka la kwao, anarusha mpira, unapita juu ya paa, dada yake anaudaka upande wa pili. Niliomba anirudishie video mpaka akaanza kuitazama saa yake. Mpira unapotelea juu ya paa, na kwa kitambo dunia nzima haina mpira. Kisha unashuka. Mungu wangu, unashuka!

Atamaliza chuo baada ya miaka tisa. Mimi nitakuwa na sitini na minane, ambayo si mingi. Kinachotakiwa ni tuwe wa mwisho mwaka huo. Na timu haiwi ya mwisho kwa kukurupuka, inataka mazoea. Nimempigia Gus nikamwambia msimu huu tuanze kufungwa mapema, tusije tukachelewa.