Bwana wa Pazia la Ndege

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya watu watatu na kompyuta moja, na hivi ninavyowaandikia masikio bado yananiwaka.

Nianze mwanzo, nisije nikamsingizia mtu.

Mnanijua mimi ni mchoraji. (Najiita mchoraji. Shule niliishia la saba, na aliyenifundisha kuchora alihamia Pemba kabla hajafika kwenye mikono na miguu.) Miaka ile ya foleni za sabuni nilikuwa nachora mapazia ya studio ya picha hapa Tanga, yale unayosimama mbele yake unapigwa picha. Nimechora ngazi za ghorofa, maporomoko ya maji, ndege. Siku hizi kila nyumba ina kamera yake, studio imegeuka duka la mitumba, na mimi naandika vibao vya saluni.

Mwezi uliopita nikasikia kuna kampuni mpya ya matangazo Dar es Salaam inatafuta mchoraji wa huku kwetu, wa kuwatengenezea matangazo watu wa hoteli za pwani. Nikaenda kwa Zaituni, jirani yangu mwenye intaneti kafe, akaniandikia barua pepe. Jibu likaja mistari miwili. Wanataka ukurasa wangu kwenye mtandao, wenye kazi zangu. Mkurugenzi mwenyewe atapita Tanga akielekea Ushongo, atauangalia pamoja nami.

Ukurasa! Mimi hata sanduku la posta naazima kwa shemeji.

"Usihangaike, kaka Bakari," Zaituni akasema. "Tutautengeneza hapa hapa. Lete picha za kazi zako."

Sasa hapo ndipo pagumu. Pazia halipigwi picha peke yake, anapigwa mtu. Na mapazia yenyewe yameshaliwa na mchwa. Kwa hiyo kazi zangu zote za maisha zimo kwenye albamu za watu, na kila moja ina mtu kasimama katikati ameziba sehemu nzuri.

Wiki mbili nilizunguka kuomba. Sikutaka kumtia mtu kwenye mtandao bila ridhaa yake. Nilifika mpaka Muheza kwa Mama Rehema, anauza machungwa stendi. Yeye alipigwa picha ya harusi mbele ya maporomoko yangu ya Amani. (Wakati naichora sijawahi kufika Amani. Nilipofika nikakuta nimezidisha maji.)

"Chukua," Mama Rehema akaniambia, "lakini uandike kwamba wakati ule nilikuwa na kiuno."

Nikaandika.

Watu tisa, ridhaa tisa. Picha ya kumi ndiyo iliyonimaliza.

Hiyo niliikuta kwenye droo ya studio ya zamani, nakala iliyobaki. Kijana mwembamba, nywele kama mwavuli, koti na tai, amesimama mbele ya ndege, mkono juu anaaga. Ni pazia langu bora kuliko yote. Jina la kijana hakuna anayelijua. Nikawaza: nisipoiweka najidhulumu, nikiiweka namdhulumu yeye. Nikaiweka, ila nikaiandikia maelezo ya haki.

Zaituni alipoyasoma akashika kichwa. Niliandika hivi: "Ndege hii si ya kweli, nimeichora mimi. Bawa la kulia ni refu kuliko la kushoto, kosa ni langu. Koti ni la studio. Bwana huyu simjui. Akijiona anisamehe."

"Kaka Bakari! Huku watu wanajisifu!"

"Nijisifu vipi na bawa limezidi?"

"Hakuna atakayeliona."

"Mkurugenzi si ataliona."

"Ataliona kwa sababu umemwambia!"

Hakuwa na makosa. Lakini na mimi nisingelala.

Haya. Leo saa nne asubuhi Mkurugenzi akaingia. Mtu mzima, mnene, kipara kinameta, miwani ya dhahabu. Nyuma yake katibu wake, Bi Stella, na daftari. Nikainuka. "Shikamoo, Mkurugenzi." "Marahaba." Akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama pembeni. Kazi hii naitaka, jamani. Nina miaka arobaini na mitatu na vibao vya saluni vimenichosha.

Zaituni akafungua ukurasa. Mnaijua intaneti yetu: picha inashuka mstari mmoja mmoja, unaweza kunywa chai kati ya kichwa na shingo. Akateremka Mama Rehema. Bi Stella akasoma habari ya kiuno, akacheka. Mkurugenzi naye akatabasamu, akasema maporomoko yana uhai. Moyo ukanitulia. Nikapata ulimi.

Ulimi huo ndio ulioniponza.

Ikaanza kushuka picha ya ndege. Kwanza anga. Halafu nywele.

"Hii ndiyo ninayoipenda," nikasema. "Miaka ile, Mkurugenzi, nguo hakuna madukani. Studio ilikuwa na koti moja, limewavalisha wanaume wa Tanga wote na wa Pangani. Koti lenyewe la mtu mkubwa! Mimi ndiye nilikuwa nalibana mgongoni na vibanio vya nguo, vitatu, likae mwilini. Mbele unamwona waziri, nyuma kamba ya kuanikia!"

Bi Stella akacheka sana. Mkurugenzi hakucheka. Nikadhani sijaeleza vizuri. (Ndiyo ila yangu hiyo. Mtu akinyamaza, mimi naongeza.)

Nikaongeza.

"Na wengine walikuwa wanazipeleka picha hizi ukweni, ati wako Ulaya!"

Kwenye kompyuta paji la uso likaisha, macho yakatoka, pua ikafuata. Bi Stella akaacha kucheka. Akainama karibu na kioo.

"Mkurugenzi," akasema taratibu, "hii si ndiyo ile picha ya ofisini kwako? Ile ya uwanja wa ndege wa Ulaya?"

Zaituni akaangalia kompyuta. Akamwangalia Mkurugenzi. Akanikanyaga mguu.

Na mimi, mtu mwenye akili zangu, nikamjibu Bi Stella: "Hapana, dada, umefananisha. Huyu Ulaya hajafika. Subiri utaiona miguu."

Zaituni akanikanyaga tena, mara hii kwa kisigino.

"Nakala aliyopewa mwenyewe tuliikata kiunoni," nikaendelea. "Hii ndiyo nzima."

Wallahi, miguu ile haikuwa na haraka. Lilikuja koti. Ikaja suruali, imekunjwa kwa sababu ilikuwa na tope. Tukangoja. Zikatokea kandambili, moja ya bluu, moja nyekundu.

Bi Stella akaziba mdomo na daftari.

Mkurugenzi akainuka. Akavua miwani, akatugeuzia mgongo, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati.

Hapo ndipo nilipomjua.

Mnielewe. Miaka ile mimi nilikuwa nyuma ya watu na vibanio vyangu. Sura zao zilikuwa kazi ya mpiga picha. Mimi watu nawajua kwa migongo! Na mgongo huu naujua: bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, koti lilikuwa linateleza upande huo kila ukiliachia. Angeingia kinyumenyume asubuhi hii, yasingetokea haya.

Nilitaka sakafu ifunguke. Haikufunguka. (Imepigwa saruji juzijuzi tu, Zaituni kafanya kazi nzuri.)

Mkurugenzi akavaa miwani, akageuka.

"Umesema vibanio vitatu," akasema.

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Vilikuwa vinne. Cha nne kilinibana nyama. Ule mkono ulioinuliwa unadhani nilikuwa namuaga nani? Nilikuwa naumia!"

"Samahani sana, Mkurugenzi. Nitasahihisha."

(Ndiyo. Nilisema nitasahihisha.)

Akaniangalia. Mashavu yakaanza kumtetemeka, tumbo likafuata, nikadhani anaugua. Kumbe kicheko! Alicheka mpaka akakaa, akacheka mpaka Bi Stella akapata ruhusa ya kucheka, na Zaituni akamletea maji naye anacheka, glasi inamwagika. Niliyebaki bila kucheka ni mimi, na nadhani kompyuta.

Alipopumua akasema, "Ukweni niliipeleka kweli. Baba mkwe aliitundika sebuleni mpaka anafariki. Mke nilimpata kwa ndege yako, bwana."

"Na bawa?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Miaka kumi na saba iko ukutani, hakuna aliyeuliza habari ya bawa."

Nikafurahi. Nikasikitika pia, maana lile bawa kweli limezidi.

Akamgeukia Bi Stella. "Huyu tumchukue. Lakini sisi tunauza matangazo. Mtu huyu ukimpa hoteli atakuandikia paa linavuja. Kwa hiyo achore tu. Neno asiandike hata moja, maneno atayaweka mwingine."

"Nimekubali, Mkurugenzi."

"Na picha hii itoke kwenye mtandao sasa hivi."

Zaituni akaitoa. Nikamwomba niandike mahali pake, "Picha imeondolewa na mwenyewe, ambaye kweli hakufika Ulaya." Alinifinya mpaka nikaghairi.

Mkurugenzi alipokuwa anaingia kwenye gari akanishika mkono, akanipa sharti la mwisho: habari ya koti, vibanio na kandambili isitoke nje ya mlango ule. Nikaapa.

Naanza kazi Jumatatu. Naombeni msicheke kwa sauti, maana leo ni Ijumaa tu, na barua hii naituma kwa watu kumi na wawili.