Nafasi Yangu Katika Bendi ya Paris

Jumatatu, 5 Oktoba 1970. Matrah, Omani

Miaka sita tangu tuondoke Unguja, na miaka sita sijapiga klarineti mbele ya watu. Napigia kabatini, mlango nimeufunga, kanzu zangu zinanisikiliza. Leo nimeiweka tena santuri ya Lucien Barvaux. Mfaransa yule alianza kwa kupiga piano mikahawani Paris, akaishia na bendi ya watu kumi na wanane. Mwaka wa hamsini na tisa meli yao ilipita Unguja, wakapiga hotelini siku mbili. Mie niliwabebea ngoma. Akanisikia nikijaribu klarineti, akanishika bega, akasema maneno ya Kifaransa. Sikuyafahamu, lakini ulikuwa mwaliko. Khasa! Basi namwandikia. Nnaitaka nafasi katika bendi ile kuliko nnavyotaka kula.

Jumatano, 7 Oktoba

Binamu yangu Sleyum, mpiga udi, kaalikwa harusi nyingine. Mie sikuitwa hata kupanga viti. Kasema klarineti yangu inatia watu usingizi. Hasidi mkubwa! Atanijua nikishafika Paris.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimempelekea halua jirani yetu Bi Bakhita, aniandikie barua ya Lucien. Kazaliwa Moroni, Kifaransa kasomeshwa. Karatasi ya barua ya ndege ilikuwa moja tu. Bibi kasema mtu haandikiwi barua bila ya salamu. Akamsalimu Lucien, mama yake, watoto wake, majirani zake, na wapigaji wake wote. Kisha akatoa salamu za mtaa wetu, nyumba baada ya nyumba. Karatasi inakwisha! Nikamwahi, nikamwambia aandike kuwa nnayo bendi hapa, watu thalathini, nisije nikaonekana mtu wa ovyo. Kaandika. Ombi langu la kazi likakosa pa kukaa. Bibi kasema haidhuru, mtu mzima atafahamu mwenyewe.

Alhamisi, 29 Oktoba

Jibu! Bi Bakhita kalisoma polepole. Lucien kashukuru kwa salamu. Mama yake keshafariki zamani, lakini kafurahi kuwa yupo mtu aliyemuulizia. Bendi imevunjika mwaka juzi, vijana wanataka magitaa. Sasa anafundisha watoto piano, na wenyewe hawataki kujifunza. Maneno ya mwisho Bibi kanisomea mara mbili:

"Nimefurahi kusikia una bendi kubwa. Je, utakuwa na nafasi ya mzee anayepiga piano?"

Nimelia, wala sikuona haya. Kumbe naye anatamani kile kile nnachokitamani mie, na kaja kukiomba kwangu.

Ijumaa, 30 Oktoba

Asubuhi nimekwenda kwa Sleyum kumwomba awe mtu wa pili wa bendi. Kakataa. Baada ya sala nimerudi kwa Bi Bakhita. Kaninasihi nimwambie mzee wa watu ukweli, kwani atauza vyombo vyake aje huku. Nimekubali, kweli nimekubali. Akashika kalamu. Nikamwona Lucien na watoto wale wasiotaka kujifunza, nikashindwa. Nikamwambia aandike: njoo, nafasi ipo, tunakungoja wewe tu.

Bibi akaniuliza piano iko wapi.

Nikamwambia aandike zipo mbili, achague mwenyewe.