Rambirambi kwa Wayunani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Katibu, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa aliyeuleta udhuru huo kwa miguu. Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, na ninyi wasichana wa Klabu ya Maigizo mliokaa sakafuni kwa sababu viti vyote vimekaliwa na msafara wangu: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Sauti zinapungua.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Utamaduni, nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao wachache wanao, kuzindua Mradi Shirikishi wa Kutohoa Tamthilia za Kale za Wayunani na Warumi, mradi ambao, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya garini nikija hapa, utawajengea uwezo wananchi kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Mwalimu wa hesabu anakuna kichwa.)

Ndugu zangu, mambo haya ya kale hayana mwenyewe. Nimesoma, yaani nimesomewa, kwamba duniani kote watu wanayachukua na kuyashona upya kama nguo ya kaka mkubwa: huku mfalme wa Kiyunani anakuwa meneja wa kiwanda, kule miungu ya Kirumi inapanga foleni hospitalini, kwingine wafungwa wanaigiza vita vya zamani ili waeleze vyao wenyewe, na kila mmoja akimaliza anasema, "Hii ni hadithi yetu." Je, sisi tumelala? (Hapana!) Nani amelala? (Wote wanamtazama dereva wa Mkurugenzi.)

Sasa nije kwenye barua yenu. Ni kweli kwamba miezi mitatu iliyopita wasichana hawa waliniomba ruhusa ya kutumia ukumbi huu, na kwamba bila sahihi yangu hawachezi. Lakini, wanangu, mliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: TANZIA. Ofisi yangu ni makini. Tukiona tanzia hatusomi zaidi. Tunasimama kimya dakika moja, kisha tunatuma rambirambi. (Kicheko.) Msicheke, mimi binafsi nilisimama dakika mbili. (Kicheko kinazidi.) Tungejuaje kwamba tanzia ni mchezo wa kuigiza pia, ule wa huzuni? Shada la maua mlilipata? ("Tulilipata, Mheshimiwa! Tunalitumia kwenye mazoezi!") Mnaona? Hiyo ndiyo awamu ya kwanza ya utekelezaji!

Nimeambiwa mchezo wenu unahusu mfalme anayehutubia mpaka watu wake wanazeeka mlangoni, asimsikie hata mmoja, na kwamba mmemvua taji mkamvalisha suti. Namshukuru Mungu viongozi wa namna hiyo waliishia huko huko Uyunani. (Kikohozi kirefu kutoka safu ya walimu.)

(Msichana mmoja anasimama. "Shikamoo, Mheshimiwa. Tunaomba kujua: Jumamosi tucheze au tusicheze?") Marahaba, binti yangu. Hilo ni swali la kimkakati. Linahitaji kamati, kamati ndogo, semina elekezi na ziara ya mafunzo... ("Mheshimiwa, leo ni Ijumaa.") Ijumaa? Hii hii? Basi chezeni! Nani amewazuia? (Vigelegele. Mwalimu Mkuu anaandika maneno hayo, tarehe na saa, kisha anamsogezea kalamu. Mkurugenzi, akidhani ni kitabu cha wageni, anatia sahihi.)

Nikisema "Wayunani," itikieni "Ni wetu!" Wayunani! (Ni wetu!) Warumi! (Nao wetu!) Utekelezaji! (Karani wake anakuja kumnong'oneza.)

Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili, ambao bado hatujawatafuta. Wataalamu, ambao bado hatujawaajiri. Na hasa ninyi wasichana, mliotafsiri, mkashona mavazi, mkafanya mazoezi kwenye stoo ya madawati. Karani wangu ameninong'oneza sasa hivi kwamba mradi huu haumo kwenye jalada lolote, haukuwahi kuwamo, na kwamba kitu pekee tulichokuja kukizindua ni mchezo wenu, ambao mlikwisha kuuanza bila sisi.

Basi asanteni, wanangu, kwa kunizindua mimi.